Je, Ni Upendo Kumwachia Mwenzako Ushindi?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wakorintho 9:24–27, 2 Timotheo 2:5, Wafilipi 2:3, 4, Mithali 11:1, Luka 10:30–37, Waefeso 4:15, 25.

Wazo Kuu: Upendo unaweza kumpa mwenzako mambo mengi, lakini hauwezi kumpa uongo.

Katika mbio, mmoja akishinda, wengine wote wameshindwa. Jambo hili ni la wazi mno hata watu hawalifikirii, lakini linamletea mwamini swali gumu. Amri inamtaka ampende jirani yake kama nafsi yake. Je, anaweza kumpenda mtu, na wakati huohuo akatumia nguvu zake zote ili mtu huyo asipate kile anachokitamani?

Wapo wanaojibu kwamba mashindano ni mashindano na upendo ni upendo, na kwamba mambo hayo mawili yasichanganywe. Wengine husema kwamba mwenye upendo wa kweli angepunguza mwendo na kumpisha mwenzake. Jibu la kwanza linaugawa moyo wa mtu vipande viwili, kimoja cha kanisani na kingine cha barabarani. Jibu la pili linapendeza masikioni, lakini linahitaji kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Somo la juma hili linalipima swali hili kwa kutazama mashindano ya dunia ya mbio ndefu za barabarani, hasa nusu marathoni, pamoja na mbio nyingine chache zilizo jirani nayo. Mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalianza mwaka 1992, kaskazini mwa Uingereza. Umbali wake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Vinavyohitajika ni vichache: barabara, saa, mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia. Kwa sababu hiyo, jambo la maadili linapotokea humo huonekana wazi, kama jiwe jeupe kwenye lami.

JUMAPILI

Swali Ambalo Mbio Huuliza

Soma 1 Wakorintho 9:24–27 na 2 Timotheo 2:5. Paulo anasifu nini kwa mwanariadha? Anadharau nini?

Wakorintho waliijua michezo. Karibu na mji wao, huko Isthmia, mashindano makubwa yalifanyika kila baada ya miaka miwili, na washindi walivikwa mataji ya majani. Paulo alipotaka kuwafundisha kuhusu bidii na kiasi, hakulazimika kutafuta mfano mbali. Alichukua mkimbiaji wanayemjua. Anasifu nidhamu yake, kujinyima kwake na utii wake kwa kanuni. Anachokiona kuwa duni ni taji linalonyauka. Hakuna mahali katika mafungu haya ambapo anamlaumu mkimbiaji kwa kukimbia ili ashinde.

Kwa nini? Jibu linaanza kuonekana mtu anapojiuliza mashindano ni kitu gani hasa. Wakimbiaji kutoka nchi nyingi wanaposimama nyuma ya mstari mmoja, ni kana kwamba wanauliza swali moja kwa pamoja: Kwa umbali huu, katika barabara hii, leo, nani ana mwendo kuliko wote? Hakuna anayeweza kulijibu peke yake. Anayefanya mazoezi alfajiri katika vilima vya Iten au pembezoni mwa Arusha anaweza kuijua saa yake, lakini hawezi kujua angefanya nini kama bega la mtu mwingine lingekuwa kando yake zikiwa zimebaki kilomita 2. Ili ajue, anawahitaji wenzake.

Basi wanaoshindana wanahitajiana. Wanafanana na mashahidi walioitwa katika shauri moja, na kila mmoja anatoa ushahidi wake kwa miguu. Hata anayemaliza nyuma ana neno la kusema. Katika mashindano ya dunia ya nusu marathoni kumekuwapo pia ushindi wa timu, ambao hupatikana kwa kujumlisha muda wa wakimbiaji watatu wa kwanza wa kila nchi. Sekunde za yule wa tatu, ambaye pengine hakuna kamera iliyomfuata, huhesabiwa sawasawa na sekunde za bingwa.

Shahidi ana deni moja kuu: kusema kweli. Shahidi anayemwonea huruma mshtakiwa akasema uongo hajamtendea mema. Ameiharibu mahakama, na siku mshtakiwa huyo atakapokuwa yeye ndiye anayetafuta haki, mahakama iliyoharibika haitamfaa. Katika mbio, kweli ambayo mshindani anadaiwa ni juhudi yake halisi.

Katika maisha yako, ni mahali gani ambapo wengine wanategemea juhudi yako halisi ili waijue hali yao?

JUMATATU

Deni la Nguvu Zote

Soma Wafilipi 2:3, 4. Paulo anakataza kushindana kwa aina gani?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili akifika hapa anaweza kudhani shauri limekwisha, kwa kuwa fungu linakataza kushindana. Lakini tazama kile ambacho Paulo amekiambatanisha nacho: majivuno, na kuyatazama mambo ya nafsi tu. Kushindana kunakokatazwa ni kule ambako mtu anataka mwenzake awe mdogo ili yeye aonekane mkubwa. Kuna kushindana kwingine, ambako mtu anampa mwenzake heshima ya kutomchukulia kama mtoto.

Fikiria habari za Fabiano Joseph wa Tanzania. Mwaka 2003, katika mashindano ya dunia ya nusu marathoni yaliyofanyika Vilamoura, Ureno, alikuwa wa pili nyuma ya Martin Lel wa Kenya. Mwaka 2004, huko New Delhi, India, alikuwa wa pili tena, safari hii nyuma ya Paul Kirui, naye Mkenya. Mwaka 2005 alikwenda Edmonton, Kanada, akashinda kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Aliyemfuata, Mubarak Hassan Shami wa Qatar, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 1 tu.

Sasa fikiri kwamba mwaka ule wa tatu mpinzani wake angesema moyoni, “Huyu ameshindwa miaka miwili mfululizo. Acha leo apate.” Kwa nje, matokeo yangekuwa yaleyale: medali ileile na wimbo wa taifa uleule. Lakini ndani, medali hiyo ingekuwa tupu. Isingekuwa imesema lolote kuhusu Fabiano Joseph. Ingekuwa imesema habari za huruma ya mtu mwingine. Sekunde ile moja ina thamani kwa sababu aliyekuwa nyuma yake hakutaka kuitoa bure. Nafasi mbili za pili nazo zina thamani kwa sababu hiyohiyo. Lel na Kirui walimpa kitu cha kweli walipomshinda: walimwonyesha umbali uliobaki.

Cardiff, mji mkuu wa Wales, mwaka 2016, ilitoa mfano mwingine. Katika mbio za wanawake, Wakenya watatu walichukua nafasi tatu za kwanza. Peres Jepchirchir alitumia saa 1, dakika 7 na sekunde 31. Cynthia Limo alikuwa nyuma yake kwa sekunde 3. Mary Wacera akamaliza kwa saa 1, dakika 7 na sekunde 54. Muda wao ukijumlishwa ni saa 3, dakika 22 na sekunde 59, na Kenya ikashinda kwa timu. Jumla hiyo isingebadilika hata kidogo kama wawili wa kwanza wangebadilishana nafasi. Hata hivyo walikimbia mpaka mwisho, dada kwa dada, wamevaa rangi za nchi moja, na tofauti kati yao ikawa sekunde 3.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumiwa kumfariji aliyeshindwa, lakini ina upande wake wa pili. Anayekubali kushindwa anastahili kushindwa kwa kweli, si kwa mchezo wa kuigiza. Na anayeshinda anastahili kujua kwamba ameshinda.

Je, kuna mtu ambaye umekuwa ukimficha kweli ili usimwumize? Umemheshimu, au umemdharau?

JUMANNE

Kumrudishia Aliyepotea Njia

Soma Waefeso 4:25. Paulo anatoa sababu gani ya kuuvua uongo? Sababu hiyo inahusianaje na watu wanaoshindana?

Desemba 2012 kulikuwa na mbio za nyika huko Burlada, mji mdogo wa Navarra, kaskazini mwa Hispania. Aliyekuwa akiongoza ni Abel Mutai wa Kenya, ambaye miezi michache kabla alikuwa amepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London, kwenye mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alikuwa mbele kwa umbali wa kutosha. Mita chache kabla ya mstari wa mwisho alisimama, akidhani amekwisha kuuvuka.

Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Hakumpita. Alipunguza mwendo, akabaki nyuma ya Mutai, akamwelekeza kwa ishara za mikono kwa kuwa lugha yao haikuwa moja, hadi Mutai akavuka mstari wa kwanza. Kocha wake, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema waziwazi kwamba yeye asingefanya hivyo.

Hapa mtu anaweza kuuliza: Je, jambo hili halipingi somo la jana? Kama kila mshindani anadaiwa juhudi yake yote, Fernández hakulilipa deni hilo katika mita zile za mwisho.

Lakini tazama kwa makini. Swali la mbio lilikuwa nani ana mwendo kuliko wote siku ile. Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa katika kilomita zote zilizotangulia, na Fernández mwenyewe alieleza kwamba hakustahili kushinda. Kama angepita, kitabu cha matokeo kingeandika jina lake, na kanuni zisingekuwa na neno dhidi yake. Lakini kitabu hicho kingetoa jibu ambalo yeye mwenyewe alijua si la kweli. Kwa kubaki nyuma hakumpa Mutai zawadi; alimrudishia mali yake, kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake njiani.

Ni kweli kwamba umakini ni sehemu ya mbio, na mkimbiaji anapaswa kujua mstari uko wapi. Mwenye hoja hiyo hajakosa akili, na anayepita katika hali kama hiyo hajavunja kanuni. Lakini kanuni ni sakafu, si paa. Humzuia mtu asishuke chini ya kiwango fulani. Hazimzuii asipande juu yake.

Kuna jambo moja zaidi katika habari hii, nalo halisimuliwi mara nyingi. Fernández alipohojiwa baadaye, alikiri kwamba kama pangekuwa na medali ya dunia au ya Ulaya, huenda angeitumia nafasi ile. Maneno hayo hayaondoi uzuri wa tendo lake. Yanaonyesha tu kwamba alikuwa mkweli hata kuhusu nafsi yake, na yanamwachia kila msomaji swali zito. Katika mbio ndogo za msimu, kweli ina bei nafuu. Katika mashindano ya dunia, ambako taifa linatazama na miaka ya mazoezi imewekwa mezani, bei yake hupanda. Tabia ya mtu haipimwi kwa kweli aliyoilipia shilingi moja tu.

Wewe unasema kweli mpaka bei gani?

JUMATANO

Zawadi Yenye Uongo Ndani Yake

Soma Mithali 11:1. Mizani ya udanganyifu inamwibia nani? Je, inaweza kumwibia hata yule anayeonekana kufaidika nayo?

Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, wakimbiaji wanne waliukaribia mstari wa mwisho wakiwa pamoja. Mmoja alikuwa He Jie, mshika rekodi ya China ya marathoni. Wengine walikuwa Wakenya wawili na Mwethiopia mmoja. Picha za video ziliwaonyesha Waafrika hao wakipunguza mwendo na kumwashiria He apite mbele. Alimaliza kwa saa 1, dakika 3 na sekunde 44, nao watatu wakaandikwa sekunde 1 nyuma yake. Mmoja wao kwanza alinukuliwa akisema alimwachia He kwa kuwa ni rafiki yake. Baadaye alieleza kwamba walikuwa wameajiriwa kuweka kasi. Waandalizi walichunguza, wakafuta matokeo ya wote wanne, wakawanyang’anya medali na zawadi za fedha.

Weka Burlada na Beijing kando kwa kando. Mtu anayetazama kwa mbali ataona tendo moja: mkimbiaji mwenye uwezo wa kupita anapunguza mwendo na kumtanguliza mwenzake. Kwa nini tendo la kwanza lilisifiwa duniani kote, na la pili likaleta aibu?

Wengine watasema tofauti ni fedha. Fedha ina sehemu yake, lakini si yote. Kuweka kasi kwa malipo ni kazi halali. Katika marathoni nyingi za miji mikubwa, wakimbiaji huajiriwa watangulie kwa kilomita kadhaa, wawakinge wengine na upepo, kisha watoke njiani. Huvaa alama inayowatambulisha, na watazamaji wanajua. Oktoba 2019, huko Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumzunguka. Hakuna aliyedanganywa. Kila mtu aliwaona, na muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa haukupatikana katika mashindano ya kawaida. Watu 41 walimpa mwenzao nguvu zao, na zawadi yao ilikuwa safi kwa sababu ilitolewa mchana kweupe.

Tofauti, basi, iko katika kweli. Burlada, tendo la kupunguza mwendo liliyafanya matokeo yafanane na kile kilichotokea. Beijing, tendo hilohilo liliyafanya matokeo yaseme kitu ambacho hakikutokea. Watazamaji waliambiwa kwamba wameona mashindano, na kumbe katika mita zile za mwisho hapakuwa na mashindano.

Ni nani aliyeibiwa? Waliomaliza nyuma yao waliibiwa. Watazamaji waliibiwa. Lakini fikiri pia habari za He mwenyewe. Hawezi kujua kama siku ile angeweza kuwashinda wale watatu kwa nguvu zake. Pengine angeweza, pengine angekuwa wa nne akarudi nyumbani na somo la kufanyia kazi. Aliyemwachia ushindi alimnyima vyote viwili. Na neno urafiki, lililotajwa mwanzoni kama sababu, lilibebeshwa mzigo usiokuwa wake. Rafiki anaweza kukupa mkate wake, muda wake na bega lake. Hawezi kukupa kile ambacho hana, na ushindi wako si mali yake ya kukugawia.

Je, umewahi kupokea sifa, cheo au alama usizozistahili? Zilikufanyia nini moyoni?

ALHAMISI

Anayeanguka Njiani

Soma Luka 10:30–37. Msamaria aliona nini kilichobadilisha safari yake?

Mpaka hapa somo limesema kwamba kumpenda mshindani ni kumpa kweli: nguvu zote anapokimbia nawe, na nafasi yake halali anapopotea njia. Lakini vipi anapoanguka?

Katika mashindano yaleyale ya Cardiff mwaka 2016, siku ya mvua na upepo, Geoffrey Kamworor wa Kenya, bingwa mtetezi, aliteleza na kuanguka mara tu mbio za wanaume zilipoanza. Wakimbiaji wa nyuma walimpita akiwa chini. Aliinuka na magoti yaliyochubuka, akalifikia kundi la mbele, na mwishowe akashinda kwa dakika 59 na sekunde 10.

Je, waliompita walifanana na kuhani na Mlawi? Jibu la haki linahitaji uangalifu. Katika msongamano wa mwanzo, anayesimama ghafla anaweza kuwaangusha wengine kumi. Na Kamworor hakuwa mtu aliyeachwa nusu hai kando ya njia. Alikuwa mkimbiaji aliyeteleza, na msaada aliouhitaji zaidi ni nafasi ya kusimama. Tena, kama kundi zima lingemngojea, ushindi wake ungepoteza maana ileile aliyoipigania. Hata hivyo, waliompita katika sekunde ile hawakuweza kujua kama angeinuka. Mtu mwenye dhamiri hai atalihisi jambo hilo, hata asipokuwa na hatia.

Kuna kuanguka kwa namna nyingine. Katika mashindano ya dunia ya riadha ya Doha, mwaka 2019, kwenye mchujo wa mita 5,000 uwanjani, Jonathan Busby wa Aruba aliishiwa nguvu kabisa katika mzunguko wa mwisho. Hakuweza kusimama sawasawa. Braima Suncar Dabó wa Guinea-Bissau alifika, akamshika, akauweka mkono wake begani, na wakaenda pamoja mpaka mwisho. Wote wawili walikuwa nyuma sana ya wengine. Kwa kanuni za mbio, Busby aliondolewa katika matokeo kwa kuwa alisaidiwa.

Hapa panaonekana jambo zuri. Kitabu cha matokeo kilisema kweli: Busby hakumaliza kwa nguvu zake. Dabó naye alitenda kweli: mwanadamu mwenye uhitaji ni mkubwa kuliko mbio. Kweli hizi mbili hazikupigana. Hakuna aliyehitaji kudanganya ili upendo upite. Waamuzi hawakulazimika kujifanya hawakuona, na Dabó hakuhitaji wajifanye.

Kipimo, basi, ni uhitaji. Mshindani mwenye nguvu anahitaji mpinzani mkweli. Aliyepotea njia anahitaji kuelekezwa. Aliyeanguka na kushindwa kuinuka anahitaji bega, na mbio zisubiri. Msamaria hakuuliza safari yake inamdai nini. Aliuliza mtu huyu anahitaji nini. Na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayehitaji uongo.

IJUMAA

Kwa Jifunzo Zaidi: Soma tena Waefeso 4:15. Paulo anaviweka pamoja vitu viwili ambavyo watu hupenda kuvitenganisha, yaani kweli na upendo. Anayeshika kweli peke yake huwa mkali kama kisu kisicho na mpini. Anayeshika upendo peke yake, au kile anachokiita upendo, huishia kuwa mwongo mpole.

Watu wengi katika darasa la Shule ya Sabato hawatakimbia kamwe katika mashindano ya dunia. Lakini mita zile za mwisho zipo kila mahali. Mwalimu anamwongezea mwanafunzi alama kwa kumwonea huruma, na miaka miwili baadaye mtoto huyo anashindwa mtihani wa taifa, na mwalimu hayupo tena karibu naye. Kamati ya uchaguzi inampa ndugu kazi ya uhazini ili asijisikie vibaya, ingawa wote wanajua hawezi hesabu, kisha fedha zinapopotea ndugu huyo anabeba aibu ambayo ingezuiliwa kwa neno moja la mapema. Fundi mkuu anaisifu kazi mbovu ya mwanafunzi wake, na mwanafunzi anaondoka akiamini amehitimu, mpaka nyumba ya kwanza aliyoijenga inapopasuka. Katika kila jambo hapa palikuwa na mtu aliyedhani anapenda. Alichotoa kilikuwa chepesi kwake, na mwingine ndiye aliyekuja kukilipia.

Upendo unaosema kweli hugharimu zaidi. Mwalimu yule angelazimika kubaki na mtoto baada ya masomo. Kamati ingelazimika kumtafutia ndugu yule kazi anayoiweza na kumfundisha. Fundi angelazimika kubomoa ukuta na kuujenga upya pamoja na kijana wake. Pengine ndiyo maana watu huchagua huruma ya bei nafuu: kumwachia mtu ushindi kunachukua sekunde moja, lakini kumsaidia awe mshindi kunaweza kuchukua miaka.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, husema watu. Somo la juma hili linaongeza kwamba msema kweli ni mpenzi wa jirani yake pia, hata pale anapokuwa mbele yake kwa sekunde 1.

Maswali ya Kujadili:

1. Baba anacheza na mtoto wake wa miaka mitano na kumwachia ashinde mbio za uani. Je, huo ni uongo? Ni lini mtoto anakuwa amekua kiasi cha kudai kushindwa kwa kweli?

2. Fernández alikiri kwamba huenda asingemwelekeza Mutai kama pangekuwa na medali ya dunia. Kama angekuwa anakimbia kwa niaba ya timu ya taifa, je, angekuwa na haki ya kuiachia nafasi ambayo si yake peke yake? Jadilini wajibu kwa wenzako wa timu na wajibu kwa mpinzani.

3. Mkimbiaji kutoka familia maskini anaajiriwa kuweka kasi, kisha anaambiwa asijitambulishe na asishinde. Akikataa, atakosa malipo. Kanisa lake la nyumbani lingemshauri nini, na lingekuwa tayari kumsaidia vipi ili ushauri huo usiwe maneno matupu?

4. Je, waliompita Kamworor akiwa chini walikuwa na wajibu wowote? Mtu anawezaje kujizoeza kutambua, katika sekunde moja, tofauti kati ya aliyeteleza na aliyeishiwa nguvu?

5. Katika kanisa lenu, ni wapi ambapo watu hupewa sifa au nafasi kwa huruma? Ni jambo gani moja, lenye gharama halisi, ambalo darasa linaweza kufanya juma lijalo ili kumsaidia mtu mmoja astahili kile alichopewa?